Shule na Iwe Mjomba wa Asiye na Mjomba

Masomo: Matendo ya Mitume 18:1-4 na 18:24-28, Mambo ya Walawi 19:33-36



Nimeombwa niandike neno la mwezi huu juu ya vijana wetu na kazi. Mimi si mhubiri. Ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu, na mwalimu akipewa mimbari huiona kama ubao. Mtanisamehe basi nikifundisha kidogo na kuungama kidogo.

Tuanze na Korintho. Mtume Paulo aliingia katika mji ule akiwa hana nyumba wala jamaa. Ulikuwa mji wa bandari na masoko, kama huu wetu. Huko akamkuta Akila, mzaliwa wa Ponto, pamoja na mkewe Prisila. Nao pia walikuwa wageni pale. Kaisari Klaudio alikuwa ametoa amri ya kuwaondoa Wayahudi Rumi, nao wakafunga mizigo yao, wakahamia Korintho na ufundi wao wa kushona mahema. Paulo naye aliujua ufundi huo, kwa maana kwa Wayahudi haikuwa aibu msomi wa Torati kujua kazi ya mikono. Basi akakaa kwao. Siku za juma walishona pamoja, na siku ya Sabato Paulo alikwenda sinagogi kuzungumza na watu.

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili haraka. Mtume wa Mataifa alipata makao Korintho katika nyumba ya wafanyabiashara waliofukuzwa kwao. Hema, sindano na uzi vilikuwa mle mle ilimokuwa Injili.

Sasa tutoke hapa Magogoni, tuiache Feri na kelele za mnada wa samaki, twende hadi Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukiisoma mitaa yake ni kama kusoma daftari la mahudhurio: Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Swahili. Wazaramo waliwapokea watu wengi. Walikuja Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Washihiri kutoka Hadhramaut, na Wahindi kutoka Gujarati na Kachi. Wakaja Wachaga, Wapemba na Wakinga. Na katika miaka hii wamekuja Wachina.

Nataka nikae kidogo na hao Wakinga, kwa sababu ndio walionifundisha somo la leo. Kwao ni Makete, milimani, penye baridi. Watu wa kwao wamezoea tangu zamani kutoka kwenda kutafuta kazi mbali. Na Kariakoo leo ni nani asiyewajua? Husemwa vijiweni, na hata nje ya kanisa baada ya ibada nimesikia, ya kwamba mali yao ni ya ndagu. Mimi sikatai ya kwamba katika kila kabila wapo wapumbavu wanaokwenda kwa waganga. Lakini ndagu niliyoiona mimi kwa macho yangu ilikuwa ni daftari. Nitawaeleza.

Nilikuwa chuo cha ualimu mwaka 1983. Wazee wenzangu mnaukumbuka mwaka ule. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilikuwa haba, na mwenye maduhuli ya sabuni ndani ya nyumba alilala akisikiliza mlango. Neno "mlanguzi" lilikuwa tusi. Sisi vijana wa chuoni tulitoka na imani ya kwamba mtu anayeuza na kupata faida ni mwizi aliyekosa kukamatwa. Sisemi ya kwamba walanguzi hawakuwako. Walikuwako, na watu waliumia. Lakini tulitoka na jicho moja tu.

Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha Hisabati darasa la sita, shule moja ya mjini. Mlikuwa na mtoto mmoja aliyetoka Makete, anaishi na mjomba wake mwenye meza ya vitu vidogo vidogo Kariakoo. Siku hiyo somo lilikuwa Faida na Hasara. Nageuka kutoka ubaoni, namwona mtoto yule anapitisha kitu chini ya dawati. Nikamwita mbele. Mfukoni alikuwa na wembe na vipande vya penseli. Ikajulikana ya kwamba alikuwa ananunua penseli nzima, anaikata vipande viwili, anavichonga vizuri, kisha anawauzia wadogo wa darasa la kwanza na la pili ambao hawakuweza kununua nzima. Na nyuma ya daftari lake la Hisabati, lile lile nililokuwa nalisahihisha kila juma, palikuwa na mistari mitatu iliyopigwa kwa rula. Mstari wa kwanza majina ya wanaodaiwa. Wa pili fedha ya kununulia penseli nyingine. Wa tatu alichobakiwa nacho.

Nikamchapa viboko vinne. Kisha nikalichana lile karatasi mbele ya darasa zima, nikasema, "Hatutaki walanguzi hapa." Darasa likacheka.

Mtoto hakulia. Alisema, "Mwalimu, naomba hiyo karatasi tu. Kuna watu wawili hawajalipa." Nikamwambia akae. Nikarudi ubaoni kuendelea na Faida na Hasara.

Kesho yake mjomba alikuja shuleni. Nilidhani amekuja kugombana. Alivua kofia, akanisalimu kwa heshima, akasema, "Mwalimu, kuuza darasani ni kosa, na kwa hilo umemwadhibu vyema. Ila daftari lile nilimwagiza mimi. Kwetu hatumpi mtoto mzigo mpaka tuone anaandika deni la mtu bila kumdhulumu, na anatenga fedha ya mzigo bila kuila." Sikuwa na la kumjibu. Nilijua kanuni ya faida na hasara, naye aliijua kazi yake.

Mtoto yule alimaliza darasa la saba mwaka 1987. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama wengi wa wakati ule. Sijui alikoishia. Hata leo nikipita Msimbazi au Mtaa wa Kongo huwa natazama nyuso za wenye maduka, nikihesabu umri.

Baadaye nilijifunza desturi yao. Kijana hufikia kwa mjomba au kaka mwenye duka. Miaka ya kwanza hapati mshahara wa maana. Anakula, analala, anafagia, anapanga mzigo, anasoma uso wa mteja. Kisha hutumwa kununua. Akikosea, hukosea kwa kitu kidogo, na mkubwa yupo. Siku mkubwa akiridhika humpa mzigo wa kuanzia, naye hufungua mlango wake, na mwenyewe atampokea mwingine kutoka nyumbani. Waigbo wa Nigeria wana desturi ya namna hiyo hiyo, na ilikuwa moja ya nguzo walizojiinulia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967 hadi 1970. Wahindi wetu nao waliwakalisha watoto wao dukani jioni, mtoto anafanya kazi ya shule huku anasikia bei.

Ndipo nikauliza swali ambalo halijaniacha: na mtoto asiye na mjomba je? Huyu wa kwetu hapa, ambaye mama yake anauza chapati karibu na kivuko, na baba hayupo? Mtoto wa Kikinga ana mjomba. Mtoto wa Kihindi ana baba na ami. Huyu ana shule tu. Basi shule ikimfundisha kungoja tu, imemwacha yatima mara ya pili.

Msidhani ya kwamba nchi yetu haikuliona hilo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia shamba na karakana, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone mapato na matumizi ya jasho lao. Ni fikra ile ile ya mjomba: mtoto apewe kitu cha kweli mkononi, na hesabu yake. Lakini sisi walimu tulifanya nini? Nasema "sisi," nami nimo. Shamba tukaligeuza adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe. Aliyefanya vyema alibaki darasani. Mahindi yaliuzwa, na mtoto aliyeyapalilia hakuambiwa yameleta shilingi ngapi. Hivyo tukamfundisha mambo mawili kwa pamoja: ya kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji, na ya kwamba fedha ni siri ya wakubwa.

Leo tena mlango umefunguliwa. Tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza kutumika. Katika sekondari pana somo la Elimu ya Biashara, na pana mkondo wa amali kwa wanaotaka ufundi. Nashukuru. Ila nawaomba walimu vijana waliomo katika kanisa hili: somo la biashara laweza kuandikwa ubaoni, likakaririwa, likafanyiwa mtihani, na mtoto akapata alama 90 bila kuwahi kuuza hata fungu la nyanya. Mimi nilifundisha Faida na Hasara kwa mtindo huo miaka mingi.

Kanisa letu lenyewe lina urithi katika jambo hili. Zamani za Askofu Edward Steere, wamisionari wa UMCA waliwaweka Kiungani, Unguja, wavulana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Nani hakuwa na mjomba kama hao? Walifundishwa kusoma, na pia walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Kanisa likawa ukoo wao. Sisi Waanglikana wa pwani hatuwezi kusema ya kwamba jambo hili ni geni kwetu.

Turudi kwa Akila na Prisila. Baadaye walihamia Efeso, na huko wakamsikia Apolo, mtu msomi wa Iskanderia. Alinena vizuri, lakini hakujua yote. Hakuwa ndugu yao wala hakutoka kwao Ponto. Wangeweza kumwumbua mbele ya sinagogi. Hawakufanya hivyo. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Nisomapo habari hiyo naikumbuka ile karatasi niliyoichana mbele ya watoto arobaini, nami naona haya. Tazameni pia ya kwamba hapo Prisila hatajwi kama mpishi wa wageni. Alishona mahema, na alifundisha. Mabinti zetu na walisikie hilo.

Basi hapa ndipo neno la Mungu linapowagusa ninyi wenye maduka, kwa upole wote. Ujuzi wenu mmeupitisha katika damu: mpwa kwa mjomba, mdogo kwa mkubwa. Ni jambo jema, lakini wapagani nao hufanya hivyo. Akila alimfungulia mlango mtu asiyekuwa wa damu yake. Kama wewe ni Mkinga, Mchaga au Mnyakyusa, na Mungu amekubariki Kariakoo, je, yuko kijana mmoja wa kanisa hili, asiye wa kwenu, anayejifunza nyuma ya meza yako?

Nalo lina neno kwetu tusio na maduka. Tuna wivu. Kariakoo watu wamenung'unika sana juu ya wageni wauzao rejareja, na mwezi Julai 2025 Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za jumla na rejareja, utengenezaji wa simu na saluni. Amri ya Serikali tuiheshimu. Kila nchi ina haki ya kupanga nyumba yake, na mfanyabiashara mdogo alihitaji nafasi. Lakini tusijidanganye. Amri yaweza kumwondolea mwanao mshindani; haiwezi kumfundisha kutunza daftari. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda kwa muda wa siku 90. Maduka yaligawiwa, wengi waliopewa wakiwa askari na marafiki wa utawala ambao hawakulelewa katika kazi ile. Haukupita muda rafu zikawa tupu. Walipewa duka, hawakupewa miaka ile ya kufagia na kupanga mzigo.

Nanyi fungueni kitabu cha Walawi, mlango wa 19. Bwana anawaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni akaaye kati yao, bali wampende kama nafsi zao, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Aya inayofuata, bila hata kupumua, ni juu ya mizani na vipimo vya haki. Mgeni na mizani vimewekwa pamoja. Anayemwonea mgeni atapunja na kipimo, na anayepunja kipimo, awe mgeni au mwenyeji, ameivunja amri ile ile. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kuuza bila kumfundisha mizani ni kumpa wembe bila penseli.

Wala tusisahau wema wa wageni. Sewa Haji Paroo, tajiri Mwismailia aliyepata mali kwa biashara ya misafara ya Bagamoyo, alifariki mwaka 1897, na fedha zake zilijenga hospitali hapa Dar es Salaam. Jina lake lipo Muhimbili hata leo. Wangapi kati yetu wamelazwa Sewahaji bila kujua ya kwamba wamelala katika sadaka ya mfanyabiashara?

Mtauliza, "Mwalimu, tufanye nini?" Nina mambo matatu, yote madogo.

Kwanza, mnada wetu wa sadaka baada ya ibada. Kila Jumapili twauza mayai, ndizi na kuku, na wazee ndio wanaopaza sauti na kushika fedha. Tuwaachie vijana Jumapili moja kwa mwezi. Wapange bei ya kuanzia, wapige mnada, waandike, kisha wasome hesabu mbele yetu. Wakikosea shilingi elfu mbili, tusicheke. Ni ada ya shule ya bei nafuu.

Pili, wenye maduka na mafundi, kila mmoja ampokee kijana mmoja asiye wa ukoo wake wakati wa likizo. Si kwa kubeba mizigo tu, bali aonyeshwe daftari. Nao mama zetu wa Umoja wenye vikoba wawaruhusu mabinti kukaa kikaoni na kuandika. Kijana naye akubali kufagia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tatu, walimu wenzangu mlio kazini. Mtoto akiuza darasani mkatazeni, kwa maana kila jambo lina mahali pake. Lakini kabla ya kumwadhibu, lisomeni lile lililoandikwa nyuma ya daftari. Huenda pale pana kazi nzuri kuliko ile mliyomwagiza mbele.

Ndugu zangu, karatasi ile siwezi kuiunga tena. Wale watoto wawili wasiolipa, sijui kama walilipa. Nilichobakiwa nacho ni kuwaomba ninyi msimchanie mtoto mwingine yake.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyelelewa katika karakana ya seremala Nazareti, na uliyekuwa mgeni Misri ukiwa mtoto: wabariki wote wanaonunua na kuuza katika mji huu, wenyeji na wageni. Utupe mizani ya haki na mioyo isiyo na wivu. Uwafungue macho walimu, ili waone ulichokiweka katika mikono ya watoto. Utusamehe tulichokichana. Nao wasio na baba wala mjomba, uwape nyumba ndani ya Kanisa lako, na mtu wa kuwashika mkono. Kwa jina lako twaomba. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Magogoni